Aliyenifundisha Linux Nyuma ya Pazia

Simu iliita mara tatu nikaiacha, maana nilikuwa namkosha mwanangu na mikono yangu ilikuwa imejaa sabuni. Mara ya nne nikaipokea kwa kidole kimoja na kuweka sauti ya nje. Aliyepiga ni mwanamke wa Madungu, Chake Chake, jirani wa mtu mmoja niliyekuwa nikienda kusoma kwake. Sisi Wapemba salamu zetu ni ndefu, tunaulizana mpaka hali ya mbuzi. Huyu hakuniuliza kitu. Alisema tu, “Mwalimu wako hatunaye. Ameanguka baada ya sala ya alfajiri.” Nikamuuliza mwalimu yupi, kama kwamba ninao wengi. Ninaye mmoja tu maisha yangu yote baada ya kutoka skuli, na nilijua ni yeye kabla sijauliza. Nilitaka tu kuichelewesha habari ile isiwe kweli bado.

Nilifika Madungu kabla ya adhuhuri na mtoto wangu mkononi. Maiti ilikuwa inapelekwa kwao Kengeja kuzikwa. Wanaume wakaondoka nayo, na sisi wanawake tukabaki ndani, kama ilivyo kwetu. Nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, kati ya watu nisiowajua. Mama mmoja akaniuliza, “Wewe wa upande gani, mwanangu?” Nikamwambia si wa upande wowote, mimi ni mwanafunzi wake. “Mwanafunzi wa nini?” Wa komputa. Akanitizama buibui langu, akamtizama mtoto, akageuka kwa mwenzake. “Kumbe alikuwa akisomesha? Mie najua alikuwa akitengeneza simu.” Mwenzake akamjibu kwamba hata simu yake mwenyewe ilikuwa mbovu. Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile cha kufunika mdomo kwa kanga. Nisameheni, wasomaji wangu, lakini nilitaka kusimama niwatoe nje wote wawili. Nyumba ilijaa watu waliokuja kumlilia, na hakuna hata mmoja aliyejua alichokuwa akikijua. Mimi niliyejua sikuwa na ukoo wa kunipa haki ya kulia kwa sauti.

Huyo mwalimu wangu alikuwa fundi, mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliwahi kufanya kazi ofisini akitunza mitambo ya komputa, akaacha, akawa anatengeneza za watu barazani kwake. Mimi nilimjua kwa sababu ya mume wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli na alikuwa akimpelekea laptopu yake ikisumbua. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Siku moja nikiwa nanyonyesha, niliona kwenye simu watu wanaendesha komputa kwa kuandika amri tupu, hawagusi picha wala kishale, wanaandika neno na mashine inatii. Nikataka. Sikuwa na sababu kubwa. Ndani ya nyumba yangu pale Jadida, Wete, hapakuwa na kitu chochote kinachonitii, kuanzia jiko mpaka mtoto, nikatamani kimoja. Mume wangu hakukataa. Alisema, “Tumia, lakini kila nikirudi niikute kama nilivyoiacha.” Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya wanafunzi wake, picha za harusi yetu, na sauti ya marehemu baba yake akimuombea dua, dakika nne tu, iliyorikodiwa kwa simu ambayo siku nyingi imekwishakufa. Sauti ile ilikuwa pahala pamoja tu duniani, ndani ya laptopu ile.

Ndiyo maana fundi akaniambia habari ya Linux laivu. Kwa asiyejua, Linux ni mfumo wa kuendeshea komputa kama ilivyo Windows, na laivu maana yake mfumo wote unakaa ndani ya flashi. Unaichomeka, unawasha mashine, inafunguka kutoka kwenye flashi na haigusi kilichomo ndani. Ukizima na kuichomoa, laptopu ya mume iko vilevile. Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa na chaguo langu tayari. “Mwalimu, nataka ile ya wadukuzi,” nikamwambia. Akaniuliza kwa utulivu, “Wataka kumdukua nani?” Nikasema sina mtu, nataka kujifunza amri. “Basi iache. Mle mna vyombo mia vya kufungulia milango ya watu, na wewe hata kutembea ndani ya nyumba yako hujajua.” Akatoa nyingine, ndogo, inayofunguka haraka hata kwenye mashine nzee. Akaishika kidogo akairudisha. “Hii nzuri, lakini ili iwe nyepesi wamekitoa kitabu chake cha maelezo. Wewe utakuwa Wete peke yako, mtandao haupo, umekwama. Utamuuliza nani?” Akanipa ya tatu. Ilikuwa na maelezo ya kila amri ndani yake, haikuhitaji mtandao, na haikuwa na picha hata moja. Ikifunguka ni weusi mtupu na herufi nyeupe.

Nilichukia. Nilirudi nyumbani nikiamini amenipa ya kimaskini kwa sababu ni mwanamke, kama anavyopewa mtoto kikombe cha bati asije akavunja cha udongo. Wiki ya tatu nikashindwa kujizuia nikamuuliza kwa nini asinipe yenye picha na rangi kama za wenzangu. Hapa lazima niwaeleze tulivyokuwa tukisoma. Mimi ni mke wa mtu, na yeye si maharimu yangu, kwa hiyo hatukukaa chumba kimoja. Nilikaa ndani na mkewe, laptopu juu ya kigoda, mtoto kalala pembeni. Yeye alikaa barazani, akifungua mashine za watu kwa bisibisi, na pazia la mlangoni lilikuwa kati yetu. Alikuwa akinitajia amri kwa mdomo, herufi baada ya herufi, naandika. Kisha kabla sijagonga Enta lazima nimsomee kwa sauti nilichokiandika, kama tulivyokuwa chuoni mbele ya shehe, huendi aya ya mbele mpaka ya nyuma imekubaliwa. Nilipomuuliza swali langu bisibisi ikanyamaza. “Yenye picha nitakufundisha vipi nami siioni? Nikwambie bonyeza hapo? Hapo wapi?” Mkewe akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimembebea kinyongo wiki tatu, kumbe mwenzangu alikaa akafikiri namna ya kunifundisha bila ya mimi kuvunja heshima yangu wala yeye ya kwake, na akakuta kwamba amri za kuandikwa ndizo pekee zinazopita kwenye pazia.

Mkewe alikuwa akisuka ukili wa mikeka muda wote huo. Hajapata kushika komputa, hataki, anasema inamuumiza macho. Lakini siku moja nilimsomea fundi amri ya kuhamisha faili, na kabla yeye hajajibu, mkewe akasema bila ya kuinua kichwa, “Hujaacha nafasi hapo kati.” Nikatizama. Kweli sikuacha. Barazani fundi akasema, “Aa, kumbe nina wanafunzi wawili.” Mkewe akamjibu, “Wa kwanza ni mimi, yakhe. Huyo kaja juzi.” Nakumbuka jua la asubuhi lilikuwa limeingia chini ya pazia mpaka kwenye kigoda. Sidhani kama nilipata kuwa na furaha kama ile tangu niache skuli.

Jambo jingine lililonikera ni kwamba flashi ile ilikuwa haikumbuki. Nikitengeneza folda zangu, nikiandika vifaili vyangu, nikizima tu, vyote vinapotea. Nikasikia kwamba ipo njia ya kutenga sehemu ndani ya flashi ili ihifadhi. Nikamwambia anifanyie. Akakataa. “Acha isahau. Wewe ndiye ukumbuke.” Akaniambia kila siku nikifungua nianze upya, nitengeneze folda zilezile, nihamishe, nifute, mpaka vidole vijue vyenyewe. Na akasema neno jingine ambalo nililipita kwa haraka wakati ule: mule ndani niharibu nipendavyo, hakuna ninachoweza kukivunja ambacho hakitapona nikizima na kuwasha. Nilikuwa nafuta makusudi kabisa. Niliwahi kufuta mfumo wenyewe ukiwa unatembea, ukaanza kunijibu upuuzi, nikacheka peke yangu jikoni, nikazima, nikawasha, ukarudi mzima kama haukuguswa.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipakwepa. Mume wangu alikwenda Unguja kwenye mafunzo ya wiki moja. Mimi nilipita dukani kwa kijana mmoja hapa mjini anayeuza vifaa vya simu, nikamuonesha flashi yangu kwa kujisifu. Akaitizama kama kitu kilichookotwa. “Dada, hii ya wazee. Ngoja nikupe Linux ya kisasa.” Akanipa yake. Ikafunguka na rangi, na dirisha, na mandhari ya milima, na katikati ya skrini pana kialama kimeandikwa Install. Mtoto alikuwa ananyonya, mkono mmoja ndio huru. Sisi tumejifunza kila kitu kwenye simu, na kwenye simu kitu usipokiinstoli hakifanyi kazi. Nikabonyeza. Ikaniuliza maswali, nikabonyeza Continue, Continue. Ikaandika kwamba itafuta diski. Neno “erase” nalijua, nilifundishwa skuli, siwezi kujitetea kwa Kiingereza. Nilidhani inasema habari ya flashi. Hapakuwa na mtu nyuma ya pazia wa kumsomea kwa sauti kabla ya kubonyeza, basi sikusoma. Ilipofika katikati nikaingiwa na wasiwasi nikaichomoa flashi, na nilipowasha tena laptopu ya mume wangu ilikuwa haijui hata jina lake.

Asubuhi yake nikaifunga kwenye kanga nikapanda gari ya Chake. Fundi hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama nimehifadhi chochote kipya ndani yake baada ya hapo. Akachomeka ileile flashi ya weusi niliyoidharau, akaanza kuzoa kilichobaki ndani ya diski. Ilimchukua siku mbili. Mafaili yalirudi mengi, lakini yalirudi bila ya majina, yana namba tu, mamia kwa mamia. Kazi ya kuyafungua moja moja na kuyapa majina aliniachia mimi. Nikakaa na mkewe ndani, nasoma mtihani wa Jiografia, naupa jina, naona picha ya harusi, naipa jina. Amri nilizokuwa nazijua kwa mchezo nikazijua kwa machozi. Sauti zilikuwa nyingi pia: kaswida, mawaidha, ujumbe wa watu. Nilizifungua zote. Baba mkwe wangu hakuwemo. Nikarudia tena tangu mwanzo, mkewe kaacha ukili anasikiliza pamoja na mimi. Hakuwemo.

Fundi alikuwa nje ya pazia akasikia sauti za mafaili zimekatika. “Haipo?” Nikasema haipo. Akasema, “Mwambie mumeo mwenyewe, na umwambie mapema. Mimi halinitoki mdomoni. Lakini usilale nalo.” Akairudishia mashine Windows yake, nami nikayapanga mafaili pale yalipokuwa, hata picha ya mbele nikaiweka ileile. Mume wangu aliporudi alifungua akashangaa. “Mbona imekuwa nyepesi?” Nikamjibu, “Fundi kaitizama.” Akasema Mwenyezi Mungu amjaze kheri, akaendelea na mitihani yake. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nikaenda kupika.

Mwezi mmoja kabla ya kufa kwake nilikuwa pale ndani kama kawaida. Tulikuwa kwenye somo la kutafuta neno ndani ya faili. Akakatisha somo. “Ushamwambia mwenzio?” Nikasema, “Nshamwambia, Mwalimu.” Akauliza alipokea vipi. Nikasema alisikitika lakini amesamehe. Nikaongeza na maneno ya mume wangu, nikayatunga palepale, mazuri kabisa. Akasema, “Alhamdulillahi. Umefanya la maana. Haya, soma ulichokiandika.” Pazia lilimficha uso wangu, yeye hakuuona. Mkewe aliuona. Mikono yake ilisimama kwenye ukili, akanitizama, kisha akaendelea kusuka. Hakusema kitu siku ile wala siku nyingine.

Kwa hiyo pale kwenye mkeka wa msiba hasira yangu haikuwa ya wale akina mama peke yao, ingawa nao wana sehemu yao. Nina hasira na mengi. Kisiwa hiki tuna mtu anajua kitu kwa miaka, anakaa na ujuzi wake barazani, tunampelekea simu zilizoingia maji, akifa tunasema alikuwa mpole. Vijana wa kiume wanakwenda kukaa na mafundi, wanavunja redio, wanaunguza waya, wanapigwa kofi wanarudi kesho, na hivyo ndivyo wanavyojua. Msichana anapewa kitu kikiwa kimekamilika na anaambiwa asikiharibu. Sahani, nyumba, mtoto, jina la ukoo, laptopu ya mume. Anakua akiwa hodari wa kutunza na hodari zaidi wa kuficha, kwa sababu hajapata hata siku moja kuharibu kitu mbele ya watu na kuona kwamba dunia haikuanguka. Mimi kidato cha nne nimemaliza, mdomo ninao, mnajua wasomaji wangu kwamba simuogopi mtu kwenye safu hii, na nilishindwa kusema sentensi moja ndani ya nyumba yangu kwa miezi mitano. Fundi alinipa pahala pa kukosea, na kukosea niliweza. Nilipotoka nje ya pahala pale nikawa mwanamke yuleyule wa siku zote.

Siku ya khitma ya fundi mume wangu alikwenda nami Madungu. Tuliporudi hakuvua hata kofia. Alikaa kwenye kiti akasema, “Kifo cha fundi kimenikumbusha mzee. Hebu nifungulie ile dua yake, nikae niisikilize kidogo.” Nilikuwa nimembeba mtoto. Nikamweka chini, nikasimama mbele yake, nikamwambia haipo, nimeifuta mimi. Akanitizama akidhani namtania. “Umeifuta vipi?” Nikamueleza yote, flashi ya kijana wa dukani, Continue, siku mbili za Madungu. Akauliza, “Tangu lini?” Tangu ulipokuwa Unguja. “Na fundi alijua?” Alijua, na aliniambia nikwambie. “Nikakaa msibani kwake leo, nikamuombea, na wewe unajua.” Hilo halikuwa swali. Akaifunga laptopu, akaipandisha juu ya kabati, akaenda msikitini. Haikuwa hata wakati wa sala.

Ni siku ya tisa leo. Ananisemesha habari ya mtoto na habari ya chakula. Laptopu iko juu ya kabati, na hakunikataza kuishusha, mimi mwenyewe siigusi. Makala hii nimeiandika kwa simu. Nilikwenda tena Madungu kumuona mjane, yuko eda, kakaa palepale ndani. Nikamwambia nimeshamwambia mume wangu, safari hii kweli. Alinishika mkono akasema, “Vyema, mwanangu.” Kisha tukakaa. Barazani hapakuwa na sauti ya bisibisi.

Wapo wanaoniandikia wakiuliza waanze na Linux ipi, kwa kuwa niliwahi kujisifu humu. Nitawajibu kama alivyonichagulia yeye. Chukueni ya laivu, inayofunguka kwenye mashine mliyonayo na si mnayoiota, yenye maelezo yake ndani kwa sababu mtakuwa peke yenu, isiyo na kitu cha kuwashawishi muiingize ndani ya diski ya mtu. Anzeni na weusi, rangi zitakuja. Haribuni humo mpaka mchoke. Na siku mtakapoharibu nje ya humo, semeni siku ileile, kabla hamjapika, kabla hamjajua mtasamehewa au hamtasamehewa. Wanawake wenzangu nawaambia zaidi, maana sisi ndio tunaojua kunyamaza. Mimi nilikuwa na watu wawili wa kuwaambia kweli. Mmoja nimemwambia, na bado hajanijibu. Mwingine alikufa akiamini niliwahi kusema.